Maisha ya Marie Curie, Mgunduzi wa Radiamu

Unapofika msimu wa karafuu kisiwani Pemba, watu wa nyumba moja hukaa pamoja jioni na kuchambua karafuu zilizochumwa siku hiyo. Karafuu huanikwa juani, na makonyo hutengwa kando. Lakini makonyo hayo hayatupwi. Hupelekwa katika kiwanda kilichopo Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, na huko hupitishiwa mvuke wa maji. Mvuke huchukua mafuta yaliyomo ndani ya makonyo. Rundo kubwa la makonyo hutoa mafuta machache tu, lakini mafuta hayo yana thamani kubwa.

Katika somo hili tutasoma habari za mwanamke aliyefanya kazi ya namna hiyo kwa kutumia mawe. Kutokana na mawe mengi mno alipata kitu kidogo mno, na kitu hicho kiliwafungulia madaktari njia mpya ya kutibu saratani. Mwanamke huyo aliitwa Marie Curie.

Utoto wake

Marie alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 katika mji wa Warsaw, nchini Polandi. Wakati huo mji huo ulikuwa chini ya utawala wa Urusi. Jina lake la utotoni lilikuwa Maria Skłodowska. Baba yake alikuwa mwalimu wa fizikia na hisabati. Mama yake, ambaye naye alikuwa mwalimu, alifariki kwa ugonjwa wa kifua kikuu wakati Maria alipokuwa na umri wa miaka 10.

Maria alikuwa hodari sana shuleni. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Warsaw hakikuwapokea wanawake. Basi yeye na dada yake, Bronia, walipatana wasaidiane. Maria alikwenda kufanya kazi ya kufundisha watoto majumbani mwa watu, na sehemu ya mshahara wake aliipeleka Paris, Ufaransa, ili Bronia asome udaktari. Baada ya miaka kadhaa, zamu ya Maria ikafika. Mwaka 1891 alisafiri kwenda Paris kusoma katika chuo kikuu cha Sorbonne.

Huko alikaa katika chumba kidogo juu kabisa ya nyumba. Wakati wa baridi kali hakuwa na kuni za kutosha, na mara nyingi alikula mkate na chai tu. Lakini mwaka 1893 alikuwa wa kwanza katika mtihani wa fizikia. Mwaka 1895 aliolewa na mwanasayansi Pierre Curie, na tangu hapo wakafanya kazi pamoja.

Jiwe litoalo mionzi

Mwaka 1896 mwanasayansi Mfaransa, Henri Becquerel, aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo ilipita katika karatasi nyeusi na kuacha alama kwenye bamba la kupigia picha. Marie alitaka kuijua mionzi hiyo vizuri. Alichukua mawe ya aina nyingi, akapima mionzi ya kila moja kwa chombo maalumu.

Siku moja alipima jiwe jeusi, zito, liitwalo pichiblendi. Jiwe hilo lina urani ndani yake. Lakini Marie aliona kwamba mionzi yake ilikuwa mingi kupita kiasi cha urani kilichomo. Alipima tena na tena, na jibu likawa lile lile. Akafikiri kwamba lazima ndani ya jiwe mna kitu kingine ambacho hakijajulikana bado. Mwaka 1898 Marie na Pierre walitangaza elementi mbili mpya. Ya kwanza waliiita poloniamu, kwa heshima ya nchi ya Polandi. Ya pili waliiita radiamu.

Hata hivyo, hakuna aliyekuwa ameiona radiamu peke yake. Ilibidi kuitoa katika jiwe. Marie na Pierre walipata banda kuukuu lililovuja mvua, wakaletewa mabaki ya pichiblendi, tani nzima na zaidi. Marie aliyachemsha katika vyungu vikubwa, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia urefu wake mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua miaka karibu minne. Mwaka 1902 walipata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Uzito huo ni sawa na wa matone mawili ya maji. Usiku chumvi hiyo ilitoa mwanga hafifu gizani.

Watu wengine wangeificha njia ya kupata radiamu ili wauze na kutajirika. Marie na Pierre hawakufanya hivyo. Waliieleza njia yao yote, ili kila mwenye haja aitumie.

Radiamu na saratani

Pierre aliwahi kuweka radiamu kidogo juu ya mkono wake kwa saa kadhaa. Ngozi ikawa nyekundu kama iliyoungua, kisha pakatokea kidonda kilichochukua wiki nyingi kupona. Madaktari waliposikia habari hiyo walijiuliza: ikiwa mionzi huua ngozi nzima, je, haiwezi kuua uvimbe wa saratani?

Mwili wako umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo seli. Seli huzaliana kwa utaratibu. Saratani ni ugonjwa wa seli zilizoacha utaratibu, zikawa zinazaliana ovyo na kufanya uvimbe. Mionzi huziharibu seli, hasa zile zinazozaliana upesi, hata zishindwe kuzaliana tena. Lakini huweza kuharibu seli nzima pia. Basi daktari hutaka mionzi ifike penye ugonjwa, na isifike penginepo.

Fikiria taa ya chemni usiku. Ukikaa karibu nayo, waona vizuri. Ukienda umbali mara mbili, mwanga unaokupata si nusu, bali ni robo tu. Mionzi nayo hupungua hivyo hivyo. Kwa hiyo kitu kitoacho mionzi kikiwekwa ndani ya uvimbe wenyewe, uvimbe hupata mionzi mingi, na sehemu za mbali hupata kidogo. Wafaransa wameyapa matibabu ya namna hii jina linalotokana na jina la Curie.

Mojawapo ya saratani zilizotibiwa hivyo ni saratani ya tezi dume. Tezi hii ipo kwa wanaume, chini ya kibofu, nayo huzunguka njia ya mkojo. Mwaka 1911 daktari mmoja wa Paris aitwaye Pasteau alieleza jinsi ya kuitibu kwa kupitisha kijibomba chenye radiamu katika njia ya mkojo mpaka kwenye tezi. Baada ya muda kijibomba hutolewa.

Heshima na majonzi

Mwaka 1903 Marie, Pierre na Becquerel walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Marie alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa. Marie alibaki na watoto wawili wa kike, Irène na Ève. Alipewa nafasi ya mumewe ya kufundisha, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha katika chuo cha Sorbonne. Mwaka 1911 alipata Tuzo ya Nobel ya pili, ya kemia.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, alitengeneza magari yenye mashine za eksirei ili madaktari waone risasi zilizokwama katika miili ya askari. Irène, aliyekuwa bado msichana, alimsaidia.

Radiamu ilikuwa imekuwa ghali mno. Gramu moja iliuzwa kwa dola 100,000, na Marie aliyeigundua hakuwa na fedha za kununua nyingine kwa ajili ya utafiti. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichangishana fedha, wakamnunulia gramu moja.

Lakini mionzi iliyowaponya wengine ilikuwa ikimdhuru yeye. Kwa miaka mingi alishika radiamu kwa mikono mitupu, kwa sababu hatari yake haikujulikana vema. Vidole vyake viliungua, na macho yake yakafifia. Mwishowe mwili wake ukashindwa kutengeneza damu ya kutosha. Alifariki tarehe 4 Julai 1934, akiwa na umri wa miaka 66. Madaftari yake yangali yakitoa mionzi hadi leo, nayo huhifadhiwa katika masanduku yenye risasi, ile metali nzito.

Kazi yake inavyoendelea

Nusu ya radiamu huisha baada ya miaka 1,600, kwa hiyo hatari yake hudumu sana. Mwaka 1934, kabla Marie hajafa, Irène na mumewe, Frédéric Joliot, waligundua namna ya kutengeneza elementi mpya zitoazo mionzi. Leo madaktari hutumia elementi za namna hiyo badala ya radiamu. Kwa mfano, vipande vya iodini vilivyo vidogo kama punje ya mchele huweza kuwekwa ndani ya tezi dume. Nusu ya nguvu yake huisha kwa siku 60 hivi.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani kutoka Pemba wamekuwa wakipanda meli bandarini Mkoani, wakipita Unguja, mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Huko hutibiwa kwa mionzi. Wauguzi wa siku hizi hawaigusi mionzi kwa mikono mitupu. Husimama nyuma ya kuta nene, na hubeba kifuani kipimo kinachoonyesha mionzi iliyowapata. Kinga hiyo Marie Curie hakuwa nayo.

Maswali

1. Kwa nini Marie alifikiri kwamba ndani ya pichiblendi mna elementi isiyojulikana?
2. Kazi ya kiwanda cha makonyo inafanana vipi na kazi aliyoifanya Marie? Inatofautiana vipi?
3. Kwa nini ni vizuri kitu kitoacho mionzi kiwekwe karibu sana na uvimbe?
4. Ikiwa nguvu ya mionzi ni 100 kwa umbali wa sentimita 1, itakuwa ngapi kwa umbali wa sentimita 2?
5. Kwa nini vipande vya iodini huweza kuachwa mwilini, lakini radiamu ilibidi itolewe?
6. Marie na Pierre hawakuificha njia ya kupata radiamu. Je, wewe ungefanya nini? Toa sababu.