Sharaku, mchoraji aliyekataa kuwapamba waigizaji

Katikati ya mwaka 1794, katika jiji la Edo ambalo leo huitwa Tokyo, mchapishaji Tsutaya Juzaburo alitoa kwa mkupuo picha 28 za waigizaji wa kabuki. Mchoraji wake, Toshusai Sharaku, hakuwa amesikika kabla ya hapo. Miezi kumi hivi baadaye, akiwa ametoa picha zaidi ya 140, alinyamaza kabisa.

Zilikuwa picha za chapa ya mbao. Mchoraji alichora kwa wino, fundi mwingine akachonga mistari hiyo katika ubao wa mcheri, na wa tatu akachapa karatasi moja baada ya nyingine, kila rangi na ubao wake. Kwa kuwa bei ilikuwa nafuu, mtu wa kawaida aliweza kurudi nyumbani na sura ya mwigizaji ampendaye. Naye, bila shaka, alitaka sura nzuri.

Sharaku hakumpa. Wanawake walikuwa wamepigwa marufuku jukwaani tangu 1629, na wanaume wakashika nafasi zao. Walimu wa maigizo hapa Ruiri, waliokwisha kumpaka binti masizi kidevuni ili awe chifu, hawatashangaa. Wachoraji wengine walimwonyesha mwigizaji wa namna hiyo kama mwanamke hasa. Sharaku alionyesha mwanamume aliyevaa kike: taya pana, pua kubwa, uzee uliojificha chini ya poda. Mtazame Otani Oniji wa Tatu akiigiza mtumishi mwovu Edobei: shingo mbele, mdomo umepinda, vidole vimetanuka, na nyuma yake weusi wa ulanga unaometameta. Humwoni Edobei peke yake. Unamwona pia mtu anayejitahidi kuwa Edobei.

Mwandishi wa zama hizo, Ota Nanpo, alieleza kwamba kuupita mpaka katika kusema kweli ndiko kulikomfanya Sharaku asidumu. Picha zake za mwisho ni ndogo na zimepoa. Ujasiri wa zile za kwanza haumo. Binafsi namstahi Tsutaya pia, kwani mwaka 1791 serikali ilikuwa imemnyang'anya nusu ya mali yake kwa sababu ya vitabu alivyochapisha, na bado akathubutu.

Heshima ilichelewa. Kitabu cha Mjerumani Julius Kurth, cha mwaka 1910, ndicho kilichomkweza machoni pa ulimwengu. Kuhusu yeye alikuwa nani, Saito Gesshin aliandika mwaka 1844 kuwa ni Saito Jurobei, mwigizaji wa Noh, tamthilia ya wakubwa, aliyemtumikia bwana wa Awa. Wengi walilipinga hilo, wakapendekeza majina mengine chungu nzima. Ndipo mwaka 1997 daftari la hekalu moja likathibitisha kwamba Jurobei alikuwako kweli, na kwamba alifariki mwaka 1820, akiwa na umri wa miaka 58. Linamtaja kuwa mwigizaji wa Noh wa Awa. Kuhusu picha, halina neno.