Habari za Mwalimu Johannes Kepler

Sisi tukaao Kibaigwa twaziona nyota vema wakati wa kiangazi. Basi tumeona yafaa kuwapa wasomaji wetu habari za Mlutheri mmoja aliyewafundisha watu mambo ya mbingu.

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji wa Weil der Stadt, Ujerumani. Utotoni aliugua ndui, na macho yake yakadhoofika maisha yote. Alisoma Tübingen akitaka kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 alitumwa Graz kufundisha hesabu na elimu ya nyota katika shule ya Waprotestanti. Mwaka wa kwanza wanafunzi wake walikuwa wachache, na mwaka wa pili hakuja hata mmoja. Hakuacha kazi, akafundisha masomo mengine, tena akawaandikia watu wote kalenda.

Mwaka 1600 mtawala wa nchi ile aliwafukuza Waprotestanti waliokataa kugeuza dini. Kepler naye alikataa, akaenda Prague, na mwaka 1601 akawa mwanahesabu wa Kaisari. Mwaka 1609 alitoa kitabu kilichoonyesha ya kuwa Mirihi hailizunguki jua kwa duara kamili, bali kwa duara iliyobanwa kidogo.

Mwaka 1612 alihamia Linz, akafundisha tena. Huko alipatwa na jambo zito. Hakukubali kutia sahihi pasipo sharti maungamo ya Konkordia, kwa sababu ya fundisho la mwili wa Kristo kuwapo mahali pote. Mchungaji akamzuia asishiriki Chakula cha Bwana, na wakubwa wa kanisa wakathibitisha neno lile. Yeye aliyefukuzwa Graz kwa ajili ya imani yake, sasa akazuiwa na watu wa imani yake mwenyewe. Kisha mama yake akashtakiwa uchawi. Kepler akamtetea mpaka akafunguliwa mwaka 1621.

Katika miaka hiyohiyo ya taabu, 1618 hata 1621, alitoa kitabu cha kufundishia elimu ya nyota, kwa maswali na majibu kama katekisimo yetu. Akafa Regensburg tarehe 15 Novemba 1630, na kaburi lake likapotea kwa vita.

Hatutaki kuamua shauri lile la Linz. Twajua hili tu: kanisa lake hakuliacha. Nawe mwalimu uliyeona darasa lako tupu, umkumbuke mwalimu wa Graz.