Mtoto wa Mhunzi na Mistari Isiyoonekana

Wengi wetu tukiambiwa tuchore mistari ya nguvu kati ya chaji mbili za umeme, jasho hututoka. Hebu niwasimulie maisha ya aliyetuletea mistari hiyo.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 karibu na London, Uingereza. Babake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa, na chakula nyumbani kilikuwa cha shida. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu, basi. Alipofika miaka 14 akapelekwa kwa mjalidi wa vitabu kujifunza kazi. Kumbe huko ndiko ilikokuwa elimu yake! Vitabu alivyoletewa kujalidi alivisoma, hasa vya umeme na kemia.

Mwaka 1812 alipata tikiti za kumsikiliza mwanasayansi Humphry Davy. Akaandika aliyoyasikia, akayajalidi vizuri, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wake. Waliposafiri Ulaya, mkewe Davy alimfanya kama mtumishi wa nyumbani. Faraday akavumilia, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzaa umeme. Mitambo ya Turkwel, kaskazini mwa Kitale, huzalisha umeme kwa kanuni hiyo hiyo.

Lakini hisabati ilimpiga chenga. Wasomi wengi walishikilia kwamba nguvu huruka tu kutoka chaji moja hadi nyingine, katikati hamna kitu. Faraday akasema la, nafasi yenyewe imejaa nguvu, akaichora kwa mistari. Wengi hawakumjali.

Mchoro huo husomwa hivi. Mstari hutoka kwenye chaji chanya na kuingia kwenye chaji hasi. Mshale huonyesha upande ambao chaji chanya ndogo ingesukumwa. Mistari ikisongamana, kama watu langoni mwa soko la Kitale, nguvu ni kubwa. Ikitawanyika, nguvu hupungua. Haikatani kamwe, kwa sababu chaji haiwezi kusukumwa pande mbili kwa mpigo. Chaji moja ikiwa mara mbili ya nyingine, mistari yake nayo huwa mara mbili. Na chaji mbili chanya zilizo sawa zikikaribiana, mistari hukwepana, na katikati kabisa nguvu ni sufuri.

Mwaka 1836 alijenga chumba kilichozungushiwa metali, kikatiwa chaji kali naye yumo ndani, asidhurike! Ndiyo maana radi ikinguruma Bungoma, aliye ndani ya matatu ya bati, madirisha yamefungwa, yu salama kuliko aliyejibanza chini ya mti.

Kuanzia mwaka 1855, James Clerk Maxwell, bingwa wa hisabati kutoka Uskoti, aliigeuza michoro ile kuwa hesabu kamili. Faraday mwenyewe alikataa cheo cha heshima cha ufalme, akafariki tarehe 25 Agosti 1867.

Basi, ndugu zangu, asiyejua fomula asikate tamaa. Achukue penseli kwanza, achore, aulize mshale unaelekea wapi na mistari imesongamana wapi. Fomula itamfuata baadaye, kama Maxwell alivyomfuata Faraday.