Karani wa Bandari Aliyependa Hesabu

Baba yangu ni kibarua bandarini Kilindini. Ndiyo sababu maisha ya Srinivasa Ramanujan yalinigusa, manake naye alikuwa karani wa bandari, kule Madras, India.

Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887, katika jamaa isiyo na kitu. Alipokuwa na miaka 16, umri wangu huu, alipata kitabu kilichojaa maelfu ya kanuni za hesabu. Akakaa kitako, akawa anazithibitisha mwenyewe. Karatasi zilikuwa ghali, basi akaandika kwenye kibao na kufuta kwa kiwiko.

Mwaka wa 1904 alipewa msaada wa karo chuoni, lakini akaupoteza. Alishughulikia hesabu tu, masomo mengine akaanguka. Akajaribu chuo kingine, akaanguka tena. Hapo nilinyamaza kimya. Mimi pia nasoma kwa basari, na muhula uliopita nilipata 88 katika hesabu na 31 katika historia. Na nilikuwa najisifu!

Mwaka wa 1912 aliajiriwa bandarini kwa rupia 30 kwa mwezi. Lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Aliwaandikia wataalamu wa Uingereza; wengine hawakumjali. Januari 1913 akamwandikia G. H. Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge, naye akatambua kwamba huyu si mtu wa kawaida. Mwaka wa 1914 Ramanujan akapanda meli. Mwaka wa 1916 akapata digrii, na mwaka wa 1918 akaingizwa katika Royal Society.

Siku moja Hardy alimtembelea hospitalini, akalalamika kwamba teksi aliyokuja nayo ilikuwa na nambari isiyo na maana, 1729. Mgonjwa akakataa papo hapo. Jaribuni wenyewe: 12×12×12 ongeza 1×1×1, halafu 10×10×10 ongeza 9×9×9. Hakuna nambari ndogo kuliko hiyo inayopatikana hivyo kwa njia mbili!

Hakula nyama, na wakati wa vita vyakula alivyozoea vilikuwa adimu. Alirudi kwao mwaka wa 1919 akiwa mgonjwa, akafariki tarehe 26 Aprili 1920. Alikuwa na miaka 32 tu.

Walimu wetu, mkiona mwanafunzi amezama katika somo moja, msimcheke, lakini msimwache hivyo hivyo. Nami siku hizi, kwenye feri ya Likoni, nashika kitabu cha historia. Hesabu nitafanya nikifika nyumbani.