Mama Marie Muilu: Masomo Aliyoyapata kwa Mume Wake



Wengi wetu tunajua habari za Papa Simon Kimbangu. Lakini ni wachache wanaojiuliza nani alilinda moto usizimike wakati Papa alipokuwa gerezani. Ni bibi yake, Mama Marie Muilu Kiawanga.

Papa alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, mwaka 1887. Yeye na Mama walibatizwa siku moja, tarehe 4 Julai 1915, katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe Lutete. Mungu aliwapa vijana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda.

Tarehe 6 Aprili 1921 Papa alianza kazi ya kuponya wagonjwa na kuhubiri. Watu wengi waliacha kazi zao wakaenda Nkamba. Aliwaambia watupe dawa za uchawi, waache ngoma za aibu, na kila mtu awe na bibi mmoja. Somo la kwanza Mama alilipata hapo: yale Papa aliyowafundisha watu nje, ndiyo aliyoyashika nyumbani.

Serikali ya Wabelgiji ikaogopa. Mwezi wa Juni askari walikuja kumshika, akawaponyoka. Lakini mwezi wa Septemba alirudi Nkamba mwenyewe, na tarehe 12 akashikwa pasipo kupigana. Hilo ni somo la pili: kuvumilia mateso bila kulipa ubaya kwa ubaya.

Tarehe 3 Oktoba korti ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu fimbo 120, kisha kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Papa akapelekwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, zaidi ya kilomita 1500 kutoka Nkamba.

Mama akabaki na watoto wadogo, chini ya macho ya serikali. Waamini walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao. Mama hakuita watu kushika silaha. Aliwakusanya kwa siri, akawatia moyo, akaongoza maombi. Alifanya vile alivyoona kwa mume wake. Hivyo miaka 30 ikapita, mpaka Papa akafa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Hata hapo Mama hakuacha kazi.

Yeye alilala tarehe 27 Aprili 1959. Miezi minane nyuma yake, tarehe 24 Desemba, serikali ikakubali kanisa. Mama hakuiona siku ile. Mwaka 1960 mwili wa Papa ukarudishwa Nkamba.

Ndugu wanaume, sisi tunakwenda machimboni miezi sita tu, hatutumi habari wala franga, kisha tunashangaa nyumba imevunjika. Tujiulize: kama tungeondolewa leo, bibi zetu wangebaki na somo gani kutoka kwetu? Maombi, ao matusi na deni? Mimi ninayeandika, swali hili linanichoma.

Na ninyi mama zetu, musiseme kazi ya Mungu ni ya wanaume. Kanisa hili lilibebwa na mama miaka mingi, wakati wa giza.

Mungu abariki ndoa zetu. Amina.