Mtu Aliyepima Chakula cha Mti

Utazame mwembe mkubwa. Mti huo ulianza kwa kokwa moja tu. Je, shina, matawi na majani yake yote yametoka wapi? Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba mimea hula udongo. Sasa utasoma habari za mtu aliyeamua kulipima jambo hilo kwa mizani.

Jan Baptist van Helmont alizaliwa karibu na mwaka 1580 katika mji wa Brussels, ambao leo ni mji mkuu wa Ubelgiji. Alisomea udaktari katika chuo cha Leuven. Hakuridhika na mafunzo ya vitabuni peke yake; alitaka kujaribu na kuona kwa macho yake.

Alikausha udongo katika tanuri, akaupima, akapata ratili 200, yaani kilo 90 hivi. Akautia katika chungu kikubwa, akaulowesha kwa maji ya mvua, kisha akapanda mche wa mwerebi wenye uzito wa ratili 5. Mwerebi ni mti upendao kuota kando ya maji. Alikifunika chungu kwa bati lenye matundu mengi, ili vumbi lisiingie. Kwa muda wa miaka 5 hakuongeza kitu ila maji.

Miaka hiyo ilipotimia, aliung'oa mti, akaupima. Ulikuwa na ratili 169 na zaidi kidogo. Aliukausha udongo tena, akaona umepungua wakia 2 tu, yaani gramu 60 hivi. Hivyo mti haukuwa umekula udongo. Van Helmont akakata shauri kwamba mti wote umetokana na maji.

Hapo alikosea, kwa sababu mambo mawili yalimpita. La kwanza ni hewa. Yeye ndiye aliyebuni neno gesi. Alichoma ratili 62 za makaa, akabakiwa na ratili 1 ya majivu, akatambua kwamba sehemu nyingine yote imegeuka kuwa hewa. Hiyo ndiyo tunayoiita hewa ya ukaa. Hakujua kwamba majani ya mwerebi wake yaliivuta hewa iyo hiyo, na kuitumia pamoja na maji na mwanga wa jua kutengeneza chakula.

La pili ni zile wakia 2, ambazo hakuzijali. Udongo una madini ambayo mmea hauwezi kuishi bila kuyapata, kama vile naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Madini hayo huyeyuka katika maji ya udongoni. Karibu na ncha za mizizi kuna vinyweleo vyembamba sana, navyo hufyonza maji hayo pamoja na madini. Kutoka mizizini, maji hupanda katika mirija myembamba ya shina mpaka majanini. Mmea huhitaji madini kidogo tu, lakini ukiyakosa, hudhoofika na majani yake huweza kugeuka manjano.

Maisha ya Van Helmont yalikuwa na taabu. Mwaka 1634 wakuu wa Kanisa walimkamata kwa ajili ya maandishi yake, na baadaye akazuiliwa nyumbani mwake. Alifariki mwaka 1644. Mwanawe alichapisha maandishi yake mwaka 1648, na ndiyo maana habari za mwerebi zimetufikia.

Kila mara unapovuna mahindi, unaondoa shambani madini kidogo. Ukivuna mwaka hata mwaka bila kurudisha kitu, mavuno yatapungua. Kwa hiyo mkulima hutia samadi au mboji, ili kuurudishia udongo kile ambacho mizizi imechukua.

Maswali
1. Kwa nini Van Helmont aliukausha udongo kabla ya kuupima?
2. Vinyweleo vya mizizi vina kazi gani?
3. Mti wa Van Helmont uliongezeka uzito kutokana na vitu gani?