Daktari Livingstone na Moyo Uliojaa na Kupwa

Jina la Daktari David Livingstone si geni kwa msomaji wa pwani. Tulisomeshwa kuwa alikuwa mhubiri, tabibu, msafiri na adui wa biashara ya watumwa. Yote hayo ni kweli. Lakini yuko Livingstone wa pili ambaye vitabu vya shule vilimpita kimya: mtu ambaye moyo wake ulijaa na kupwa kama bahari, na huyo ndiye ninayetaka kumzungumza leo.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika nyumba ya kimaskini. Alipofika umri wa miaka 10 alitiwa katika kiwanda cha pamba, akifanya kazi tangu saa 12 za asubuhi hadi saa 2 za usiku. Kutoka hapo huenda darasani, kisha hurejea nyumbani akasoma hadi usiku wa manane, mpaka mama yake amnyang'anye kitabu.

Ukubwani alikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1854 alifika Luanda kwenye bahari ya magharibi, na Mei 1856 akatokea Quelimane kwenye bahari ya mashariki, ilhali homa ilimwangusha mara kwa mara njiani.

Kisha ikaja safari ya mto Zambezi, 1858 hadi 1864, na hapo upande wa pili ukadhihiri. Leo ana matumaini yasiyo kiasi, anaamini meli itapita hata penye maporomoko. Kesho amenuna, hasemi na mtu. Aligombana na karibu wenziwe wote. Mchoraji Thomas Baines alimfukuza kwa tuhuma ya wizi ambayo haikuthibitishwa kamwe. Aprili 1862 mkewe Mary akafa huko Shupanga, na majonzi yakazidi.

Mwaka 1978 daktari Oliver Ransford aliandika kitabu akitoa rai kuwa Livingstone alikuwa na maradhi ya moyo kupanda na kushuka. Hiyo ni rai tu, kwani maiti hapimwi akili, na homa nayo humwinamisha mtu. Hata hivyo yafaa tuizingatie.

Waganga wa maradhi haya hutenganisha mambo mawili. Kuna tabia, mathalani kushuku watu na kuweka kinyongo, ambayo mtu huwa nayo misimu yote. Na kuna hali ya moyo, ambayo huja kwa vipindi, na ikija hubadili usingizi na mwendo wa siku. Akipanda, halali na hachoki; akishuka, hata kuinuka kitandani ni mzigo. Siku hizi wako wanaomfunga mgonjwa kidude mkononi mfano wa saa, kikahesabu nyendo zake usiku na mchana.

Hapa Bofa jambo hili si gumu kulifahamu. Mvuvi huijua siku ya bamvua na siku ya maji mafu, akapanga kazi yake kwa hayo. Lakini kijana akikesha usiku kucha akizungumza mipango mikubwa, kisha akajifungia chumbani wiki tatu, twasema ana shetani au ni mvivu, na hatuulizi analala saa ngapi.

Livingstone aliwapata walioangalia. Mwanzoni mwa 1869 alipougua mapafu, tajiri Mwislamu Mohamed Bogharib alimbeba kwa machela, akamlisha na kumpa dawa hadi wakafika Ujiji mwezi Machi. Mgonjwa haulizwi uji, na tajiri yule hakuuliza. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimkalisha miezi huko Bambarre, akaisoma Biblia yake mara kwa mara tangu mwanzo hadi mwisho. Julai 1871 akashuhudia watu wakiuawa sokoni Nyangwe, akarejea Ujiji amevunjika moyo na mali yake imeshauzwa. Novemba akatokea Stanley na barua, chakula na mazungumzo. Kwa siku chache tu mzee akawa anakula mara nne kwa siku, na wawili hao wakaenda kutembelea upande wa kaskazini wa ziwa.

Stanley alipoondoka Machi 1872, Livingstone akabaki na watu wake, akina Susi na Chuma. Hao ndio waliomwekea siku zake sawa: chakula, hema, mwendo na mapumziko. Tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda, kijijini kwa Chitambo. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka huo akazikwa London.

Sifa za safari zimemwendea yeye, nami simnyimi. Lakini mtu aliyejaa na kupwa namna ile asingalifika mbali pasina Bogharib, Susi na Chuma. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiwa na jamaa wa namna hiyo nyumbani, mpeleke hospitali mapema, na ukirudi naye mshikie saa zake: alale kwa wakati, aamke kwa wakati, ale na wenziwe. Dua tumwombee, na dawa tusimnyime.